Baskeli, vespa na daladala: namna ya kugawana barabara Unguja na Pemba

Barabara nyingi za visiwani hazina njia ya baskeli. Kuna lami, kuna ukingo wa lami, halafu mchanga, jiwe au mtaro. Juu ya lami hiyohiyo anapita mchuuzi wa samaki na tenga lake, mwanafunzi anayewahi skuli, gari ya ng'ombe, vespa, bodaboda, tipa la mchanga, basi la watalii na daladala inayogombea abiria. Hakuna atakayemhamisha mwenziwe. Kinachowezekana ni kila mmoja aendeshe kwa namna ambayo aliye nyuma na aliye mbele wanajua atafanya nini sekunde inayofuata. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya jambo hilo moja.

Kuna sehemu zinazomhusu mpanda baskeli na kuna zinazomhusu dereva. Soma na ile isiyo yako.

1. Kabla hujatoka nyumbani: breki kwanza

Simama pembeni mwa baskeli, kamata breki ya mbele, kisha isukume baskeli mbele. Ikigoma, au ringi la nyuma likitaka kunyanyuka, breki ipo. Fanya hivyohivyo kwa breki ya nyuma. Ikiteleza tu kama hukukamata kitu, mpelekee fundi leo, usingoje siku ya soko. Raba za breki ni kitu rahisi kuliko vyote kwenye baskeli, na ndizo tunazoziacha zikalika mpaka chuma kinakwaruza ringi.

Baskeli nyingi tunazopanda ni za mitumba zilizoshushwa kwenye makontena, na hapa kuna mtego ambao muuzaji hakwambii. Baskeli za Japani na za Uingereza kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kulia. Zile zilizotoka Ujerumani, Uholanzi na jirani zao mara nyingi breki ya mbele iko mkono wa kushoto, na baadhi yake breki ya nyuma haiko mkononi kabisa: unafunga kwa kurudisha pedeli nyuma. Mtu aliyezoea moja akipanda nyingine, siku mtoto akimkatikia njia atabana ya mbele kwa nguvu zote na kuruka juu ya usukani. Ukinunua au kuazima baskeli, izunguke kwanza uwanjani mpaka mikono ijue.

Halafu nguo. Kanzu na buibui zipandishwe na kufungwa kwa mpira au kamba laini upande wa mnyororo, isipokuwa kama baskeli ina kifuniko kizima cha mnyororo. Anayepakiwa nyuma naye akusanye nguo yake mapajani, maana spoki zikishakamata pindo la buibui haziachi. Mtoto wa keria awekewe pa kukanyaga pande zote mbili, ama sivyo mguu utaingia kwenye spoki.

Kofia ngumu si desturi yetu kwenye baskeli. Ukiwa nayo ivae, ukianguka utaishukuru. Lakini sipendi namna watu wanavyoizungumza kama kwamba ndiyo usalama wote: inafanya kazi baada ya mambo kuharibika, na mengi yaliyomo humu ni ya kabla.

2. Mahali pako barabarani

Tunaendesha kushoto, Unguja na Pemba, na baskeli nayo inakwenda kushoto. Wako wanaopenda kwenda kinyume kwa kusema "nione gari inayokuja". Hiyo ni hoja ya mwenda kwa miguu. Piga hesabu: wewe unakwenda kilomita 15 kwa saa na gari kilomita 50. Mkielekea upande mmoja, inakufikia kwa tofauti ya kilomita 35. Mkikabiliana, mnakutana kwa 65. Tena dereva anayetoka njia ya mtaani kuingia barabara kuu akipinda kushoto anatazama kulia kwake, ambako gari zinatoka. Wewe uliyekuja kinyume unatokea upande ambao shingo yake haikugeuka.

Sasa, kushoto si ukingoni kabisa. Hili ndilo gumu kulieleza, kwa sababu tumefundishwa tangu utotoni kujibana. Kaa nusu mita hadi mita moja kutoka kwenye ukingo wa lami. Ukingo wenyewe umeliwa na mvua, una chupa zilizovunjika, una mchanga, na wakati mwengine umeachana na ardhi kwa kina cha kiganja. Ukipanda juu ya ukingo huna pa kukimbilia: kushoto ni shimo, kulia ni gari. Nusu mita yako ndiyo akiba yako. Tena dereva akikuona uko ndani ya njia hukuchukulia kuwa ni chombo cha kukipita kwa mpango. Akikuona umejibana pembezoni huona njia yote ni yake, anakupita bila ya hata kugusa usukani.

Na ukishasukumwa nje ya lami? Hapo wengi huumia, na si kwa sababu ya kutoka, ni kwa sababu ya kurudi. Mtu anashuka mchangani, anapata woga, anataka kurudi juu haraka huku baskeli imelala sambamba na ukingo. Ringi la mbele linakwaruzana na ule mwinuko wa lami, linakwama, na mwili unaangukia barabarani mbele ya gari ya pili. Fanya hivi: ukishatoka, baki hukohuko nje. Acha kupiga pedeli, punguza kwa breki ya nyuma, simama. Angalia nyuma. Nyanyua baskeli uipandishe, au kama ukingo ni mfupi, ukate kwa pembe iliyokaribia mraba ili ringi lipande na lisiteleze.

Penye gari zilizoegeshwa, kama pale Darajani au kandokando ya Mwanakwerekwe siku ya soko, pita ukiziacha kwa upana wa mlango uliofunguka, yaani kama mita moja. Utakuwa katikati zaidi ya njia kuliko ulivyozoea. Ni sawa. Sasa kuna nafasi ya kutosha baina yako na mlango, na aliye nyuma ndiye wa kungoja kidogo.

Wawili mnaozungumza sambamba: njia za ndani za shamba, endeleeni na mazungumzo yenu. Barabara ya Bububu au ya Uwanja wa Ndege, mmoja nyuma ya mwengine. Na kudandia mkia wa lori mlimani, hapana, hata kwa masihara.

3. Angalia nyuma, nyosha mkono, ndipo uhame

Kukwepa shimo, kuipita gari ya punda, kukata kulia: kila unapoacha mstari wako, mpangilio ni huo huo. Baskeli haina kioo, na masikio hayatoshi, maana upepo wa kusi ukipuliza usoni husikii kitu mpaka kikufikie ubavuni.

Ugumu ni kwamba ukigeuza kichwa, mikono nayo huvuta usukani na baskeli inapinda kulia, palepale unapokusudia kutopinda. Jifunze uwanja wa mpira ukiwa mtupu. Fuata mstari wa chaki wa pembeni, legeza mkono wa kulia, peleka kidevu kwenye bega la kulia, tazama, rudi mbele. Mabega yabaki yakitazama unakokwenda. Rudia mpaka uweze kusoma idadi ya vidole anavyokunyooshea mwenzako aliyesimama nyuma huku maringi hayajaacha chaki.

Ishara ni tatu tu. Mkono wa kulia ukinyooka sawa na bega, unakwenda kulia. Wa kushoto, kushoto. Kiganja kikipungwa juu na chini, unapunguza au unasimama. Nyosha mapema, kisha rudisha mikono yote kwenye usukani kabla ya kupinda, kwa sababu kupinda kwa mkono mmoja juu ya kokoto ni shari nyengine. Kukata kulia kwenye barabara yenye gari nyingi na huna uhakika? Pinda kushoto, simama, teremka, vuka kwa miguu ukiikokota baskeli. Utapoteza muda mdogo kuliko wa kununua mkate.

4. Kwa dereva: namna ya kumpita mpanda baskeli

Hesabu hii nawaomba madereva waifanye mara moja tu, halafu waikumbuke. Chukua barabara ya upana wa mita 6, yaani mita 3 kila upande. Mpanda baskeli yuko nusu mita kutoka ukingoni, na yeye mwenyewe amechukua kama sentimita 60. Muachie nafasi ya mita moja na nusu. Gari yako ina upana usiopungua mita 1.7. Jumla inapita mita 4. Kwa hiyo kwenye barabara ya namna hiyo huwezi kumpita baskeli kwa usalama bila ya kuingia upande wa pili, na kama upande wa pili kuna gari inayokuja, basi huwezi kupita. Hakuna ufundi wa usukani unaobadilisha hesabu hiyo. Unangoja nyuma.

Hiyo mita na nusu si ya kubuni. Uingereza, ambako nako wanaendesha kushoto, mwongozo wao wa barabara tangu 2022 unataka dereva amuachie mpanda baskeli angalau mita 1.5, na zaidi kama anakwenda mbio. Sheria ya Ufaransa inataka mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji. Sababu yake iko kwenye baskeli yenyewe: haiwezi kwenda mstari ulionyooka kabisa. Inayumba kidogo kila pedeli inapokanyagwa, inayumba zaidi ikiwa na mzigo, na upepo wa basi linalopita unaisukuma nje kisha unaivuta ndani.

Kungoja kunagharimu nini? Ukikaa nyuma ya baskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa kwa sekunde 10, badala ya kupita kwa 60, umechelewa sekunde saba na nusu. Abiria wako wa Chwaka hatazijua.

Mpangilio wa kupita, basi:

Punguza mwendo ukiwa bado mbali. Piga honi fupi ukiwa mbali vilevile, moja au mbili, ya salamu. Honi ndefu sikioni mwa mtu inamshtua, na aliyeshtuka huyumba. Ngoja upande wa pili uwe wazi na kona isiwe mbele yako. Toka, mpite kwa nafasi kama unavyoipita gari nyengine, na usirudi kushoto mpaka uione baskeli yote kwenye kioo. Wanaorudi mapema ndio wanaompeleka mtu mtaroni bila ya kumgusa, halafu wanaendelea na safari hawana habari.

Unataka kumpita kisha upinde kushoto mbele yake? Usimpite. Kaa nyuma yake hizo mita chache, akishavuka njia unayoiingia, pinda.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari inakwenda kama mita 14 kila sekunde, kwa 80 ni mita 22. Hizo ni mita za kushtuka tu, mguu haujafika kwenye breki. Baada ya hapo, mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unazidi mara nne. Kwenye barabara ya Tunguu, iliyonyooka na lami nzuri, ni rahisi kusahau kwamba nyuma ya mwembe ule kuna njia ya skuli. Nazo skuli zetu nyingi zina mikondo miwili, kwa hiyo mchana wakati mmoja unatoka na mwengine unaingia, watoto wamejaa kando pande zote mbili, na baadhi yao wako juu ya baskeli za baba zao ambazo miguu haifiki chini.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilihesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni vya wenda kwa miguu, wapanda baskeli na wa maringi mawili ya moto. Wale wasio na bati la kuwafunika. Dhamana kubwa ni ya mwenye bati.

Ukishaegesha: fungua mlango kwa mkono wa kushoto, ule ulio mbali na mlango wa dereva. Waholanzi wana desturi hiyo, na siri yake ni ndogo: mkono wa mbali unakulazimisha kuzungusha kiwiliwili, na macho yanajikuta yanatazama nyuma.

5. Penye matuta

Hapa pana ugomvi wa kimyakimya. Tuta haliishii sawasawa na ukingo, huacha kijia chembamba pembeni. Mpanda baskeli anakipenda ili asirushwe. Dereva naye anakipenda ili maringi yake ya kushoto yapite chini. Wote wawili wanakilenga pamoja, mmoja yuko mbele ya mwenziwe kwa hatua chache.

Dereva, lipande tuta kwa maringi yote manne, ukiwa katika mstari wako. Matuta ya Jozani yaliwekwa ili kima punju wasikanyagwe wanapovuka, na ukiyapita kama inavyotakiwa hayaiumizi gari. Mpanda baskeli, ukisikia gari nyuma na tuta liko mbele, nyosha kiganja cha kupunguza, nyanyuka kidogo kwenye tandiko na ulipande tuta ukiwa ndani ya njia yako. Mchuuzi mwenye mayai, najua. Simama uipishe.

6. Daladala na utingo wake

Daladala ya Bububu itakupita, itasimama mbele yako, utaipita, itakupita tena. Mchezo huu mtaucheza mpaka Mtoni, na kila kupitana ni nafasi ya kugongana. Njia ya kuumaliza ni mmoja kuacha kushindana, na ni bora awe wewe wa baskeli: ikisimama, punguza, kaa nyuma yake kwa mita kadhaa, iache iondoke.

Lakini jua aina yake. Zile za bodi la mbao zenye mlango wa nyuma zinamteremsha abiria moja kwa moja mbele ya ringi lako, mara nyengine na kapu la muhogo au kuku mkononi, na yeye hatazami kwa sababu anapofikiria gari anafikiria ile aliyomo. Vile vibasi vyenye mlango wa ubavuni vinamwaga watu kushoto. Kwa hiyo usipite kamwe baina ya daladala iliyosimama na ukingo. Ukiwa lazima uipite, pita kulia, baada ya kuangalia nyuma, na msikilize utingo: akishagonga bodi, gari inaondoka, na dereva akisikia ule mlio anaangalia mbele kutafuta abiria wa pili. Umechelewa, baki nyuma.

Utingo ana uwezo ambao dereva hana. Yeye ananing'inia nje, anaona kila kilicho nyuma. Utingo mzuri humzuia abiria kwa mkono mpaka baskeli ipite, na humwambia dereva "baskeli kushoto" kabla ya kuegesha. Wenye gari wangefanya vyema kuwaajiri kwa sifa hiyo kabla ya sauti ya kuitia abiria.

Mwezi wa Ramadhani, nusu saa ya mwisho kabla ya adhana ya Magharibi, kila mtu ana tende mkononi na njaa kichwani. Kama safari yako ya baskeli inaweza kungoja mpaka watu wafuturu, barabara utaikuta tupu.

7. Raundabauti, njiapanda na tipa la mchanga

Michenzani na kwingineko penye mzunguko, mpishe anayetoka kulia kwako. Mpanda baskeli anayekwenda njia ya kwanza ya kushoto akae kushoto. Anayekwenda mbele zaidi achukue katikati ya njia yake kabla ya kuingia na abaki hapo mpaka atoke, kwa sababu akizunguka akiwa amejibana nje, kila gari inayotoka inamkatia mbele. Kama hilo linakutia hofu, na si aibu, shuka ukokote.

Tipa lina kanuni yake peke yake. Dereva wake amekaa kulia na juu, kwa hiyo ubavu wake wote wa kushoto ni giza kwake. Anapopinda kushoto, maringi ya nyuma hayafuati ya mbele. Yanakata ndani, yanakula kona, na chochote kilichosimama baina ya bodi na ukingo kinafagiliwa. Likisimama njiapanda, wewe simama nyuma yake, hata kama kushoto kuna nafasi ya kupenya. Ukiona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye anaweza kukuona. Usipouona, hesabu kwamba kwake wewe hupo duniani.

8. Vichochoro vya Mji Mkongwe

Mwendo wa mtu anayetembea, kengele kila kona, na kwenye pembe zisizoonekana piga hodi kwa sauti kama wachukuzi wa zamani walivyopiga "simile!". Mwenye vespa naye hivyohivyo. Kipaumbele ni cha mwenda kwa miguu.

9. Wageni

Ukikutana na vespa au gari ya kukodi njia ya Paje au Nungwi, fikiria kwamba anayeendesha anaweza kuwa ametoka nchi wanakoendesha kulia. Barabarani hujirekebisha. Anaposahau ni pale anapotoka hotelini, au kituo cha mafuta, na barabara ni tupu: anaingia upande wa kwao. Punguza mwendo penye milango hiyo. Mwenye kukodisha vyombo amuonyeshe mgeni upande wa kuendesha kabla ya kumkabidhi ufunguo, na amjaribishe breki pia, kwa ile sababu ya mikono iliyotajwa juu.

10. Giza

Huku karibu na ikweta giza haliingii kwa hatua. Jua likishazama, baada ya nusu saa hivi hakuna kitu. Baskeli iwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Dinamo ni nzuri ila ya kawaida inazimika ukisimama, na kusimama njiapanda ndipo unapohitaji kuonekana, kwa hiyo ongeza kiakisi mwanga nyekundu kwenye madigadi ya nyuma. Vipande vya karatasi inayong'aa kwenye pedeli vinasaidia kuliko vyote: vinapanda na kushuka, na dereva akiviona tu anajua ni baskeli, si nguzo. Kanzu nyeupe inaonekana. Buibui jeusi halionekani, na aliyevaa hilo apige mkanda wa kung'aa begani au kitambaa cheupe.

Dereva, zima taa za fulu unapokabiliana na baskeli kama unavyozizimia gari. Ukimpofua, hatauona ukingo, wala kamba ya ng'ombe aliyefungwa kando ambaye ameamua kuvuka.

11. Milima ya Pemba, mvua na karafuu

Unguja mtu anaweza kuishi na breki mbovu miaka mingi akidhani anajua kuendesha, kwa sababu sehemu kubwa ya kisiwa ni tambarare. Pemba haimruhusu. Baina ya Mkoani, Chake na Wete ni kupanda na kushuka, kona juu ya kona.

Kufunga breki ni kabla ya kona, si ndani yake. Tumia zote mbili, rudi nyuma kwenye tandiko, punguza mpaka mwendo unaoutaka, ndipo uingie. Ukiwa na gunia la makaa au mkungu wa ndizi, shuka kwa mwendo ambao ungeweza kusimama, na ukiona huwezi, teremka kabla mteremko haujaanza, maana katikati utakuwa umechelewa. Dereva anayepanda kilima nyuma ya baskeli ajue kwamba mpandaji yuko kwenye pedeli kwa nguvu zote na atayumba. Muachie nafasi zaidi.

Masika, ringi la chuma likirowa, raba zinateleza juu ya maji na baskeli inachukua umbali mrefu zaidi kusimama. Kamata breki kidogo kidogo mapema ili raba ifute maji kabla hujaihitaji. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo inayoteleza zaidi, kwa sababu inanyanyua mafuta na vumbi lililokaa juu ya lami. Mwavuli mkononi juu ya baskeli, hapana. Koti la mvua.

Msimu wa karafuu, majamvi yanaanikwa kando mpaka juu ya lami, na makonyo yanamwagika. Barabara inakuwa nyembamba ghafla, gari na baskeli wote wanahamia katikati. Anayeanika aache angalau nafasi ya baskeli upande wake. Anayepita apunguze na kungoja zamu, wala asikanyage karafuu ya mtu.

12. Mzigo

Upana wake usizidi usukani, isipokuwa majani ya ng'ombe ambayo najua hamtaniskiliza. Basi hapo funga kitambaa cheupe ncha zote mbili, na taa ya nyuma ihamishiwe juu ya mzigo, kwa sababu majani yanaifunika. Madumu ya maji yafungwe sawa kwa sawa pande mbili. Kamba ya mpira inayoning'inia huingia kwenye spoki, ikate.

13. Ikishatokea

Weka gari upande ambao itawakinga walioanguka, washa taa za hatari, mtu mmoja aende nyuma kuzizuia nyengine. Piga 112. Damu inayotoka, bana kwa kitambaa safi na usiachie. Aliyeumia shingo, mgongo au asiyejitambua asinyanyuliwe kwa mikono na miguu na kutupwa nyuma ya gari, ingawa umati utasema "mkimbizeni". Asogezwe tu kama hapo alipo pana hatari ya kukanyagwa au moto, na hapo abebwe na watu kadhaa, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja. Anayesikia na kuzungumza muulize jina lake na anaumia wapi, umzungumzishe mpaka msaada ufike.

Piga picha ya mahali, namba ya gari, alama za breki, kabla vyombo havijaondolewa. Andika simu za mashahidi wawili. Mkikubaliana kuyamaliza kienyeji, kwa sheha au kwa wazee, sawa kwa mkwaruzo wa rangi. Aliyegonga kichwa apelekwe hospitali hata kama amesimama na kucheka, kwa sababu damu ya ndani ya kichwa inaweza kuchukua saa kadhaa kujionyesha.

Na baskeli iliyogongwa usiipande kurudi nayo. Mwache fundi aiangalie foki, ile iliyoshika ringi la mbele, na shingo ya usukani. Ikiwa imepinda, hata kama akikuambia ataigonga inyooke, badilisha.